Gemu Tunayoirudia Moyo Unapobanwa



Wanafunzi wetu wapenzi pamoja na wazazi na walezi. Katika kikao cha wazazi cha mwaka huu baadhi yenu mlituomba tuandike katika jarida letu juu ya gemu. Kwa jinsi tulivyosikia maneno yenu, mlitaka makala ya kuzikataza, na mzazi mmoja alisema kabisa kwamba ataukata ukurasa huo na kuubandika ukutani sebuleni. Tunamwomba mzazi huyo atuvumilie. Makala za kukataza zipo nyingi, na watoto wamekwisha kuzisikia mpaka wanaweza kutusomea sisi. Leo tunataka kusema juu ya jambo moja dogo ambalo hatujaona likiandikwa: gemu ambayo mtu huirudia anapokuwa na huzuni.

Tunasema kuirudia, na neno hilo tumelichagua. Kijana anayekwenda kwenye kibanda cha gemu karibu na stendi ya Bariadi kucheza mpira wa PlayStation na wenzake, huyo anakwenda kushindana, kupiga kelele na kumtania aliyefungwa. Ana furaha tayari, anaiongeza tu. Lakini yupo mtu mwingine ambaye hatafuti mpinzani wala gemu mpya. Anakaa pembeni, anafungua ile ile aliyoicheza mara elfu moja, anayoijua mwanzo mpaka mwisho, na ukimwuliza kama anashinda au anashindwa pengine hata hajui. Huyu ndiye tunayemzungumzia. Na tukimtazama vizuri tutaona kuwa ni wengi, tena si watoto peke yao. Ni nani kati yetu aliyefika katika ofisi zetu zile za miaka ya 2000 asimkute karani akipanga karata kwenye kompyuta? Karata zile za mchezaji mmoja ziliwekwa na kampuni ya Microsoft ndani ya Windows mwaka 1990, nazo ziliwasaidia watu kuzoea kuburuta vitu kwa kipanya. Watu walizoea kipanya, kazi hiyo ikaisha, karata zikabaki. Tulikuwa tukidhani makarani wale ni wavivu. Wengine labda walikuwa wavivu, lakini wengine bila shaka walikuwa na madeni, wagonjwa nyumbani na mshahara uliochelewa.

Sisi wenyewe tulikuwa na gemu ya nyoka. Mwaka 2012, mwaka ule ule ambao Simiyu ilipata kuwa mkoa na Bariadi makao makuu yake, tulikuwa tukisoma stashahada ya elimu ya Kiislamu Morogoro. Siku moja ikaja simu kutoka nyumbani kwamba mama amelazwa, na sauti ya aliyepiga ilikuwa ya mtu anayeficha jambo. Tukapanda basi. Anayeijua safari ile anajua urefu wake: Dodoma, Singida, Shinyanga, kisha vumbi la kutoka Mwigumbi kwenda Maswa, maana lami ilikuwa bado. Simu yetu ilikuwa Nokia 1100, ile ya tochi, iliyotoka mwaka 2003 na ambayo karibu kila nyumba Usukumani ilipata kuwa nayo. Kitabu hakisomeki ndani ya basi linalorukaruka, na usingizi hauji kwa mtu mwenye hofu. Tulileta dua zote tulizozijua, na katikati ya dua mawazo yalikuwa yakikimbia mbele yanatufikisha msibani kabla ya wakati. Ndipo tukafungua ile gemu. Mbili kwenda juu, nane kushuka, nne kushoto, sita kulia. Ulimi ulikuwa ukileta istighfari na kidole kikimwongoza nyoka, na wapo watakaotulaumu kwa hilo, lakini tulifika Bariadi tukiwa na akili zetu. Alhamdulillah mama alipata nafuu, akaishi nasi miaka mitatu mingine.

Gemu ile ililetwa kwenye simu za Nokia mwaka 1997 na mtu wa Finland anayeitwa Taneli Armanto. Haina hadithi, haina rangi, haina muziki. Nyoka anakula, anarefuka, mwisho anajiuma, unaanza tena. Tumejiuliza mara nyingi ilikuwa na nini cha kumtuliza mtu. Jibu tulilolipata ni kwamba ilitupa kazi ndogo tunayoiweza. Mtu aliyebanwa na huzuni huona kila kitu kimemzidi: ugonjwa umemzidi, ada imemzidi, maneno ya watu yamemzidi. Unapompa kitu kimoja kidogo ambacho mkono wake unakijua, akakifanya kikafanyika, kifua hupumua kidogo.

Wenye elimu ya mambo haya nao wameyachunguza. Ipo gemu ya vipande vinavyoanguka, inaitwa Tetris. Wanafunzi wetu huiita ya matofali. Aliitunga Alexey Pajitnov huko Moscow mwaka 1984. Mwaka 2009 watafiti wa Oxford nchini Uingereza, Emily Holmes na wenzake, waliwaonyesha watu filamu yenye picha za kuumiza moyo, kisha wakawapa baadhi yao Tetris. Wale waliocheza walijiwa na picha zile mara chache zaidi katika wiki iliyofuata. Mwaka 2017 wakatoa matokeo mengine, safari hii ya watu 71 waliopata ajali za barabarani kweli kweli na kufikishwa hospitali. Waliopewa gemu ile ndani ya saa sita baada ya ajali, baada ya kukumbushwa kwanza yaliyowapata, walisumbuliwa na picha za ajali kidogo kuliko wenzao. Maelezo yao ni kwamba akili ina sehemu ya kushika picha, na sehemu hiyo haina nafasi kubwa. Ikishughulishwa na kupanga matofali, picha mbaya haipati mahali pazuri pa kukaa. Tukifikiri vijana wa bodaboda tunaowaokota katika barabara ya Lamadi, tunaona elimu hii si ya Uingereza peke yake.

Na ziko gemu za kilimo. Hapa tutacheka kidogo. Mtoto wa Itilima anaamshwa alfajiri kwenda kupalilia pamba, ananuna njia nzima, anasema mgongo unauma. Jioni akishika simu ya kaka yake anafungua Hay Day na kulima! Ngano, mahindi, kuku, ng'ombe. Baba yake anashangaa na ana haki ya kushangaa. Lakini tuangalie tofauti ya mashamba hayo mawili. Katika lile la simu ngano inaiva kwa dakika mbili. Hakuna mbegu isiyoota. Hakuna mnunuzi anayekuja na mizani ya mashaka. Pamba yetu hupandwa mvua za Novemba na Desemba zikianza, mavuno huanza Mei na kuendelea, na katikati hapo kuna funza wa vitumba, kuna jua la Februari, na bei mtu huijua msimu unapofunguliwa. Mkoa wetu unaongoza kwa pamba nchini, kwa hiyo hakuna haja ya kumweleza mtu wa Simiyu maana ya kufanya kazi yote na kukosa mavuno. Mtoto aliyeona baba yake akirudi kutoka mnadani kimya, akajifungia na gemu ambayo kila mbegu inayopandwa huvunwa, tusimwone mpumbavu. Anapumzika na kitu asichokipata shambani. La muhimu ni ajue kuwa anapumzika tu, na kesho jembe lipo pale pale.

Sasa tuje kwenye hukumu, maana najua mnangoja. Hatutarefusha, kwa kuwa masomo ya fiqhi yana siku zake. Wanafunzi wa darasa la tatu wanakumbuka kisa cha Bibi Aisha (r.a.) na vinyago vyake vya kuchezea, ambapo Mtume (s.a.w.) alimkuta navyo na kati yake kulikuwa na farasi mwenye mabawa, akamwuliza, na jibu lake likamchekesha Mtume mpaka magego yakaonekana. Wanakumbuka pia Wahabeshi waliocheza na mikuki yao ndani ya msikiti, naye akawaacha. Lakini kisa tunachokipenda zaidi katika mlango huu ni cha mtoto mdogo, Abu Umair, ndugu yake Anas bin Malik (r.a.). Alikuwa na kindege chake cha kuchezea, kikafa, mtoto akahuzunika. Mtume wa Mwenyezi Mungu, mwenye dola na majeshi na wahyi, akamwita mtoto huyo kwa jina la kiutu uzima na kumwuliza habari za kindege. Wanazuoni wametoa faida nyingi katika hadithi hiyo fupi. Sisi tunachukua hii moja: hakumwambia kuwa ndege ni kitu kidogo.

Na yale yaliyo haramu yako wazi. Zile mashine za kutumbukiza sarafu zilizosambaa mpaka kwenye magenge ya nyanya ni kamari, na hazimliwazi mtu mwenye huzuni; humvizia. Mtu akiwa na huzuni ndipo huona kwamba bahati yake i karibu. Kadhalika gemu za simu zinazomtaka mtoto anunue hiki na kile kila anaposhindwa. Gemu ya faraja haiombi pesa. Nyoka wa Nokia hakuwahi kumwomba mtu shilingi.

Tunafika kwa mwanafunzi ambaye kwa sababu yake tumeandika haya yote. Hatutamtaja, na tumempa habari kwamba tunaandika, pamoja na mama yake. Alifiwa na baba mwaka juzi, akiwa na miaka kumi na miwili. Baba alikuwa akiuza mitumba katika minada, leo Dutwa, kesho Nkololo, na simu yake ilikuwa ya tochi kama ya kwetu, kwa sababu chaji yake ilimfikisha wiki. Baada ya arobaini mwalimu mwenzetu alimkuta kijana huyu chooni na simu wakati wa somo la tajwidi. Siku ya pili, tena. Siku ya tatu baba yake mdogo akaja madrasa na fimbo mkononi, akasema, "Ustadhi, mtoto huyu baba yake hajamaliza hata mwaka kaburini, yeye anacheza gemu. Hana uchungu huyu. Simu hiyo naichukua nikaiuze."

Tulimkaribisha chai. Ndugu yule ni mtu mwema, na wasomaji wasimfikirie vingine; alikuwa amebeba mzigo wa nyumba mbili. Tukamwuliza jambo moja tu: pale msibani, usiku zile tatu, wanaume walipokesha nje ya nyumba walikuwa wakifanya nini? Akanyamaza. Walikuwa wakicheza bao na drafti. Hata yeye alikuwepo, na aliyemfundisha bao ni marehemu. Nani aliyesema kuwa wale hawana uchungu? Kila mtu alijua kwamba kete zile ndizo zilizowaweka macho na kuwaweka pamoja, na kwamba mfiwa akikaa mbele ya bao hupata mahali pa kuangalia pasipokuwa kaburi.

Bao lenyewe halihitaji maelezo hapa kwetu, Wasukuma huliita isolo. Mashimo thelathini na mawili, kete sitini na nne, na lisipopatikana la mti huchimbwa ardhini. Jambo ambalo huenda vijana hawalijui ni kwamba simu ya Nokia 3310 ya mwaka 2000 ilikuwa na gemu inayoitwa Bantumi, nayo ni ya ukoo wa bao, ya mashimo na kete. Watu wa Finland waliona mchezo wa Waafrika unafaa kutiwa mfukoni. Tulipomwambia baba mdogo habari hiyo alicheka kwa mara ya kwanza tangu aingie.

Kisha tukamwita kijana. Tukamwomba atuonyeshe anachokicheza. Alikuwa na hofu ya fimbo, basi tukaiweka nyuma ya mlango. Akafungua nyoka, lakini hakuanza kucheza. Alikwenda kwanza kwenye sehemu ya rekodi na kutuonyesha namba. Akasema, "Hii ni ya baba." Rekodi ile marehemu aliiweka akiwa mnadani akingoja wateja, akarudi nayo nyumbani akijisifu, na mtoto akawa akijaribu kuifikia kila jioni bila kuweza. Simu ikiuzwa, namba ile inakwenda na mnunuzi, na atakayenunua hatajua ni ya nani.

Baba mdogo alitazama kioo kile kidogo kwa muda mrefu. Simu haikuuzwa.

Tuliwekeana utaratibu, na wazazi wengine wenye watoto wa hali hii huenda wakaona cha kuchukua. Simu haiji madrasa. Inakaa kabatini kwa mama, na kijana akiitaka anaiomba kwa kusema, si kwa kuiba. Akishaicheza mama humwuliza swali moja tu, la baba. Mara ya kwanza hakujibu. Mara ya nne, mama anatuambia, alizungumza mpaka koroboi likaishiwa mafuta. Hapo ndipo tulipoona kuwa gemu inaweza kuwa mlango, ikiwa kuna mtu amekaa upande wa pili anangoja. Isipokuwa na mtu huyo, mtoto hubaki mlangoni.

Kwa hiyo, ndugu mzazi, kabla ya kumpokonya mwanao simu tazama anavyoiacha. Akiinuka anakula, anaswali, anacheka na wadogo zake, basi gemu imemfanyia kazi na kumrudisha. Akiinuka mkali kuliko alivyokaa, au hainuki kabisa, hilo ni jambo jingine. Shirika la Afya Duniani lilipitisha mwaka 2019, na likaanza kutumika Januari 2022, kwamba kucheza gemu mpaka mtu ashindwe kujizuia, akaziweka mbele ya masomo na watu na usingizi, na akaendelea huku anaona zinamharibia, kwa muda wa kama mwaka mzima, ni maradhi yanayotibiwa. Na huzuni nayo ina mpaka wake. Mtoto asiyekula, asiyelala, asiyetaka kuona watu wiki baada ya wiki, au anayesema maneno ya kutaka kufa, huyo hahitaji gemu wala hotuba yetu. Apelekwe hospitali, na sisi tutamsindikiza.

Wanafunzi nao wametuuliza, katika zote ni ipi iliyo bora. Mmoja alitaka tuandike orodha. Hatuna orodha, kwa kuwa gemu ya faraja huwezi kumwazima mwenzio. Humfariji mtu kwa sababu aliizoea siku alipokuwa hana shida. Tunaloweza kusema ni kwamba inayofaa huwa fupi, ina mwisho, na haikukasirikii ukiiacha katikati. Mwanafunzi mmoja wa kike alituambia yake ni ile ya matofali, na huicheza kwa sauti imezimwa akiwa amejilaza karibu na bibi yake. Mwingine hana simu kabisa, akifadhaika huchimba mashimo nyuma ya nyumba na kucheza bao peke yake, mkono wa kushoto dhidi ya wa kulia. Tulimwuliza nani hushinda. Akasema wa kushoto, kila mara, na hajui kwa nini.

Kijana wetu yule sasa yuko juzuu ya ishirini na saba. Ramadhani iliyopita mama yake alituambia kwamba alikaribia sana ile rekodi. Zilibaki pointi chache, na dada zake wote walikuwa wamemzunguka wakishangilia. Akamgeuza nyoka, akajiuma mkia. Tangu hapo simu ipo kabatini, na kuna miezi inapita hajaiomba. Mama huichaji mara moja moja, betri isije ikafa.